Filamu ya Fedha Haba Katika Nyumba ya Mawe

Mtu anayetaka kutengeneza filamu ilhali mfuko wake ni mtupu hushauriwa aanze kwa kutafuta kamera. Ushauri wangu ni kwamba atafute nyumba kwanza, ajue ni nani anayeishi ndani yake, na aulize ni saa zipi za mchana ambazo wenyewe hawaihitaji. Hadithi iandikwe baada ya hapo. Nasema hivi kwa kuwa filamu yangu ya kwanza ya kubuni, ambayo haikufika hata nusu saa, niliitengeneza Lamu kwa fedha zisizofika shilingi 200,000, na karibu kila kilichotusumbua au kutuokoa kilitokana na nyumba moja ya mtaa wa Mkomani na majirani walioizunguka.

Kazi yangu ya kila siku ni kupiga picha za harusi upande wa wanawake. Asiyeujua mji wetu huenda asitambue uzito wa jambo hilo. Zipo shughuli za harusi ambazo mwanamume haingii, na simu za wageni hukatazwa, kwa sababu wanawake huvua mabuibui, hujipamba, huimba na kupiga vugo, ile ngoma ya pembe ya wanawake, na hakuna anayetaka picha yake izunguke kwenye WhatsApp kabla bibi harusi hajatolewa nje. Anayeruhusiwa kuingia na kamera ni mtu ambaye mama zake na shangazi zake wanajulikana. Nilipoanza kuzunguka nikiomba nyumba, nguo, masinia ya shaba na waigizaji, wengi hawakuniuliza nitalipa nini. Waliniuliza picha zitakwenda wapi na nani atazitazama. Kama nisingekuwa na jibu, na miaka ya nyuma ya kulitetea jibu hilo, nisingepata hata kiti cha kukalia.

Hadithi yenyewe niliikata mpaka ikabaki na nyumba moja, baraza moja, gati na watu wanne. Dada mkubwa anaishi katika nyumba ya wazazi. Mdogo wake anarudi kutoka Mombasa akitaka iuzwe kwa mgeni aliyekwisha kuitazama. Uuzaji wa nyumba za mawe huzungumzwa katika kila baraza ya Lamu, kwa hiyo sikulazimika kumweleza yeyote kisa hicho kinahusu nini. Niliondoa kila kilichohitaji umati, usiku wa nje au bahari yenye mawimbi. Harusi niliyokuwa nimeiandika mwanzoni, ambayo ndiyo ningejua zaidi kuipiga picha, niliifuta pia, maana hakuna njia ya kulisha wageni wa harusi ya uongo kwa bei nafuu kuliko ya kweli.

Nyumba hiyo ilitufundisha mambo ambayo hakuna mafunzo ya kamera niliyowahi kuyaona mtandaoni yaliyagusa. Nyumba za mawe za Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Boriti haziwezi kubeba dari nzito kama ile zikipita urefu fulani, kwa hiyo upana wa chumba hauzidi mita 3 hivi, hata kikiwa kirefu namna gani. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba hawezi kurudi nyuma. Ukimweka mtu ukutani na kamera ukuta wa pili, unapata uso na bega, na ukitumia lenzi pana ili kuingiza zaidi, kuta hupinda na pua ya muigizaji hukua. Tulihangaika asubuhi nzima na onyesho la watu wawili wanaokunywa kahawa, mpaka mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa akichambua mchele huku akitutazama, akauliza kwa nini tusikae kule kiwandani, yaani kwenye ua wa katikati ya nyumba, tukatazama ndani kama watazamavyo wageni.

Alikuwa amelijibu swali zima la filamu ile. Nyumba hizo hupangwa kwa vyumba virefu vinavyofuatana: kiwanda kilicho wazi juu, kisha chumba cha msana wa tini (wa chini), kisha msana wa yuu (wa juu), kisha ndani, na sakafu hupanda kidogo kila unapoingia chumba kinachofuata. Mwanga wote hutoka kiwandani, nao hupungua hatua kwa hatua. Kamera ikikaa kiwandani unaona nafasi ya mlango ndani ya nafasi ya mlango, na mtu aliyeketi mwisho kabisa anabaki nusu gizani bila ya taa yoyote. Tukampanga mdogo mtu kwenye jua la kiwanda na dada yake msana wa yuu, penye nakshi za chokaa nyuma yake, na ugomvi wao ukapita katikati ya vyumba viwili bila ya mmoja kumkaribia mwenziwe. Sikuwa nimeandika kwamba hawakaribiani. Nyumba ndiyo iliyoamua, na nilipousoma mswada tena usiku nikaona ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo.

Ilibaki shida ya jua lenyewe. Kamera ya bei ya kawaida haiwezi kuona kiwanda chenye jua la adhuhuri na msana wenye giza kwa wakati mmoja. Kimoja kitaungua au kingine kitazama. Watu wenye fedha huleta taa kubwa za kung'arisha ndani. Sisi tulitandaza shuka nyeupe nyepesi juu ya kiwanda ili kulipunguza jua, na kwa kuwa kuta zimepakwa chokaa, mwanga uliochujwa ulisambaa mpaka ndani kwa upole. Kamba za shuka zilifungwa kwenye vigingi na kulabu zilizokuwapo tangu zamani. Msumari haukugongwa hata mmoja, kwa kuwa nakshi ikimeguka hakuna bajeti ya filamu itakayoirudisha, na mama yule alikagua kila fundo kwa mkono wake kabla ya kuturuhusu kuwasha kamera. Chumba cha ndani kilikuwa na taa ya mrija iliyotia mistari inayotembea kwenye picha. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo tukapiga picha 25 kwa sekunde, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ikawa sekunde 1 kwa 50, na mistari ikatoweka. Simu nyingi, zisipobadilishwa, hurekodi picha 30 kwa sekunde, na anayechanganya simu na kamera ahakikishe vyombo vyote viwili vinasema lugha moja kabla ya kuanza.

Ratiba yetu haikuanzia kwenye mswada bali kwenye karatasi ya nyakati za swala. Misikiti ya mji haiadhini kwa sekunde moja. Mmoja huanza, mwingine hudakia, wa tatu humalizia, na sauti hizo hubaki juu ya mapaa kwa dakika kadhaa. Kusimamisha kazi wakati huo ni adabu, na waigizaji wenyewe walikuwa wakienda kuswali, lakini kuna jambo la ufundi pia ambalo mhariri wangu, kijana aliyejifunzia kazi mjini Nairobi, hakulifikiria mpaka alipolisikia. Onyesho moja huunganishwa kwa vipande vilivyopigwa kwa nyakati tofauti. Kipande kimoja kikiwa na adhana kwa mbali na kinachofuata kikiwa kimya, adhana inakatika katikati ya neno, na mtazamaji wa Lamu hatasikia kosa la uhariri tu. Atasikia utovu wa heshima. Zaidi ya hayo anajua saa. Mwanga wa asubuhi ukiwa na adhana ya alasiri, watu watacheka ukumbini kabla dada mtu hajamaliza kulia. Tuliirekodi adhana peke yake, kamili, kutoka juu ya paa, tukaiweka mahali pamoja tu katika filamu, pasipokuwa na mazungumzo.

Kunguru hawana ratiba. Tuliwazoea.

Bahari nayo ilidai hesabu yake. Onyesho la ufunguzi lilikuwa la mdogo mtu kushuka kwenye boti ya kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, na kupanda ngazi za gati. Maji yakiwa yamejaa, ngazi zinazoonekana ni chache, na yakipwa, mtu anapanda ukuta mrefu wenye majani ya bahari na chaza. Pwani yetu, wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji hujaa mnamo saa kumi alasiri na hupwa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukipiga nusu ya onyesho leo ukaacha nusu kwa kesho saa ile ile, ngazi zimebadilika; ukingoja wiki moja umeingia kwenye maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Ili upate maji yale yale chini ya jua lile lile ungoje bamvua lingine, ambalo ni siku 15 hivi. Nahodha tuliyemkodi aliliona tatizo kabla yetu tulipotaka kuahirisha kwa sababu ya wingu. "Yua mtalipata kesho," alisema, "lakini mai haya hayarudi hata bamvua." Tukapiga picha chini ya wingu, na nashukuru, maana mtu anayerudi kwao kuuza nyumba hahitaji jua linalong'aa. Jioni pia haina huruma: Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu ambao wapiga picha wa nchi za mbali huufanyia kazi kwa saa nzima, kwetu hupita kabla hujabadilisha lenzi.

Wakati wa mwaka tuliuchagua kwa sababu ya upepo na waigizaji. Kusi linapovuma kwa nguvu wavuvi wengi hubaki nyumbani, na huo ndio wakati wa kuwapata, lakini maikrofoni hugeuka kuwa kibuyu cha upepo kila unapotoka nje. Kaskazi hewa ni nzuri, na kila mwenye boti na kila hamali yuko kazini na wageni. Tuliangukia maleleji, kati ya pepo mbili, ambapo bahari imetulia na watu bado hawajashikwa na msimu. Vyombo vya sauti tulikodi Mombasa. Mkodishaji huhesabu siku tangu chombo kinapotoka dukani, na kutoka Mombasa hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 300 za basi, kisha boti, kwa hiyo siku za njiani tulizilipia bila ya kurekodi neno. Ndiyo maana maonyesho yote yenye mazungumzo yalibanwa mfululizo, na yasiyo na maneno yakaachwa kwa siku ambazo tulikuwa na kamera yangu ya harusi tu.

Sasa nifike kwa waigizaji, ambapo hasa nilijifunza kuandika. Aliyeigiza dada ni mama mmoja mpiga vugo ambaye hajawahi kusimama mbele ya kamera isipokuwa zangu za harusi. Alikubali kwa sharti kwamba hataonekana bila mtandio. Sharti hilo lilikuwa na haki yote, kwa kuwa hata kama katika hadithi yuko kwake na mdogo wake, watakaomtazama ni watu baki. Lakini mtazamaji wa kwetu angejiuliza kwa nini mwanamke anajitanda mbele ya ndugu yake wa tumbo moja. Sikutaka kumshawishi, wala sikutaka kumtafuta mwingine. Nilimwongeza dalali. Nilimwandika mzee mpole mwenye kanzu safi na bakora, anayekuja na mdogo mtu kila mara, anayesifu nakshi, anayekunywa kahawa yote, na ambaye uwepo wake unamlazimisha dada kujitanda ndani ya nyumba yake mwenyewe. Watu waliotazama filamu humzungumzia dalali kuliko mhusika mwingine yeyote. Mtandio ambao dada anaurekebisha kila dalali anapobisha hodi umekuwa ndio ugomvi wenyewe, nami nisingeufikia kama ningekuwa na fedha za kuajiri muigizaji wa Nairobi asiyekuwa na sharti.

Mama yule hakuweza kukariri, na sikumlazimisha. Nilimsomea onyesho, nikamweleza anachokitaka na anachokiogopa, kisha nikamwacha aseme kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu. Maneno yake yalikuwa bora kuliko yangu, ila hayakuwa yale yale mara mbili. Mhariri hawezi kuunganisha uso wa mara ya kwanza na jibu la mara ya tatu kama maneno yamebadilika. Dawa yake ilikuwa simu: kamera ikimtazama mama, simu iliyofungwa kwenye nguzo ikimtazama mwenziwe kwa wakati huo huo, hivyo kila alichosema kilikuwa na jibu lake halisi. Rangi za simu na za kamera hazikufanana, na kijana wa uhariri alitumia usiku mwingi kuzisogeza pamoja katika programu ya DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure lilitutosha kwa kazi nzima.

Fedha zilikwendaje? Sehemu kubwa kuliko zote ilikwenda kwenye chakula. Mahamri na mbaazi asubuhi, wali na samaki mchana, kahawa kila alipopita mzee wa mtaa. Nimeona watengenezaji wachanga wakibana hapo, na nadhani ni ubahili usio na faida, kwa kuwa mtu asiyelipwa mshahara anajua thamani yake kwenye sahani. Waliofuata ni hamali na punda, maana hakuna gari litakalokufikishia stendi na sanduku mpaka mlangoni katika vichochoro vile; kisha mafuta ya boti, vyombo vya kukodi, diski za kuhifadhi kazi, na leseni. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 45 kwa saa, na kila jioni tulinakili kazi kwenye diski mbili zilizolala nyumba mbili tofauti. Vyombo vyote vilifutwa chumvi ya bahari kwa kitambaa kikavu na kulazwa pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu.

Kuhusu leseni, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, haitambui umasikini wa mtu. Ruhusa hutafutwa kabla ya kupiga picha, na filamu hupitishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Ngome na nyumba zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa zina ruhusa yake mbali, ndiyo sababu nyingine ya kubaki katika nyumba ya mtu binafsi. Ruhusa isiyoandikwa ni ya mtaa: imamu alipewa habari, wazee wa baraza walisomewa hadithi, na kijana alisimama kila upande wa kichochoro kuwaambia akina mama wanaopita kwamba kamera imewashwa. Aliyetaka kupita alipita, nasi tukazima. Njia ni yao.

Yote ambayo sikuyalipa kwa fedha niliyaandika kwenye daftari: nani alitoa nini, na mimi ninadaiwa nini. Mwenye nyumba alidai picha za harusi ya bintiye. Mwenye masinia alitaka picha za zamani za marehemu mumewe zisafishwe. Dalali alitaka nakala ya filamu imfikie mwanawe Jidda. Kulilipa daftari lile kulichukua muda mrefu kuliko kupiga picha na kuhariri, na nilifanya harusi kadhaa bila kupokea senti wakati ambapo senti ndizo nilizozihitaji. Ningeandika deni hilo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pembeni mwa nauli na mafuta, kwa sababu anayetengeneza filamu nyingine katika mji huu mdogo atarudi kwa watu wale wale.

Lamu haina jumba la sinema. Tuliionyesha kiwandani mwa nyumba ile ile, kwenye shuka ile ile tuliyolipunguzia jua, wanawake kwanza, na usiku uliofuata wanaume. Mama mpiga vugo alikaa na wenzake na kujibu kila alichoambiwa na mdogo wake kwenye shuka, safari hii kwa maneno mapya kabisa, huku chumba kizima kikimuunga mkono. Baada ya hapo tuliiandikia manukuu kwa ajili ya matamasha, kwa kuwa Kiamu huwatatiza hata Waswahili wa kusini.

Habari zilisambaa. Watengenezaji wa tangazo kutoka nje waliitaka nyumba, na mama mwenye nyumba akanituma nikazungumze nao badala yake. Niliwapa masharti yaliyoandikwa: hakuna msumari, kazi husimama wakati wa adhana, chakula kitoke kwa wapishi wa mtaa, na kila uso utakaoonekana uwe umeombwa idhini. Waliyakubali yote, kisha wakaomba wapunguziwe bei. Bei aliitaja mama mwenyewe, na kwa siku moja tu ilizidi gharama ya filamu yetu nzima, na hakupunguza hata shilingi.